Kutoka Frere Town hadi Limuru: Lugha na Mamlaka katika Chuo cha Mtakatifu Paulo

Historia ya vyuo vya theolojia katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi na wanahistoria wa Kanisa, na wataalamu wa Kiswahili wameipitia kwa mbali. Mhadhara huu unakichukua chuo kimoja, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo kilichoko Limuru, nchini Kenya, ili kuuliza swali ambalo kwa kawaida huachiwa wanasheria: chuo cha aina hii ni cha nani, na mwenye chuo huzungumza lugha gani?

Chuo hiki hakikuzaliwa Limuru. Kilianza mwaka 1903 kikiwa shule ya theolojia huko Frere Town, bara ya Mombasa, chini ya Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, yaani CMS. Frere Town kilikuwa kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, kilichoasisiwa katika miaka ya 1874 na 1875 na kupewa jina la Sir Bartle Frere. Kengele yake bado inakumbukwa katika jina la mtaa wa Kengeleni. Wakazi wake walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, watu waliotekwa mbali na kuokolewa baharini na manowari za Waingereza. Miongoni mwao walikuwapo pia Waafrika waliosomeshwa kwanza Nasik, nchini India, na kutoka katika kundi hilo ndimo walimotokea William Jones na Ishmael Semler, waliopewa ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Jamii kama hiyo haikuwa na lugha moja ya mababu. Kiswahili ndicho kilichoifanya iwe jamii. Kwa hiyo, pale Frere Town, Kiswahili hakikuwa chombo cha kuhubiria wageni tu. Kilikuwa lugha ya nyumbani ya Wakristo wenyewe, jambo ambalo wale wanaokiona Kiswahili cha Kikristo kuwa ni kazi ya wamisionari peke yao hulisahau.

Aidha, Kiswahili hicho kilikuwa cha Mombasa. Biblia nzima ya Kiunguja ilikuwa imekwisha kuchapishwa mwaka 1891, ikiwa ni tunda la kazi iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere, lakini CMS ya Mombasa haikuridhika nayo, ikatoa Biblia yake ya Kimvita mwaka 1914. Lahaja mbili, misheni mbili, maaskofu wawili: ugomvi wa lahaja ulikuwa pia ugomvi wa mamlaka.

Mamlaka hayo yalijaribiwa vikali mwaka 1913, katika mkutano wa Kikuyu. Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wengineo walikusudia kuunda shirikisho, kisha wakashiriki ibada moja ya Meza ya Bwana katika kanisa la Wapresbiteri. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, ambaye aliwahi kuwa mkuu wa Chuo cha Kiungani, aliwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kuwa wamekiuka imani. Shirikisho lile halikusimama. Hata hivyo, ushirikiano ulijipenyeza kwa njia ya elimu: mwaka 1918 misheni za Kiprotestanti ziliunda muungano ambao, mwaka 1926, ulizaa Shule ya Alliance. Kwa maoni yangu, walichokataza maaskofu madhabahuni kiliruhusiwa darasani, na hapo ndipo mizizi ya Limuru ilipo.

Shule ya theolojia ilihamia Limuru mwaka 1930. Mwaka huohuo ndipo ilipoundwa Kamati ya Lugha ya kusanifisha Kiswahili, kwa msingi wa Kiunguja. Ni sadfa, bila shaka, lakini ni sadfa yenye kufundisha. Chuo kiliondoka pwani na kupanda nyanda za juu, penye Wagikuyu na mashamba ya chai, wakati uleule ambapo lahaja ya Mombasa ilipokuwa ikinyimwa kiti.

Mwaka 1955 kilikuwa Chuo cha Umoja cha Theolojia cha Mtakatifu Paulo, mali ya Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti kwa pamoja. Hapa utawala ulibadilika kabisa. Waanglikana huongozwa na maaskofu, Wapresbiteri na mabaraza ya wazee, Wamethodisti na konferensi. Nao wote walipaswa kuketi katika baraza moja. Hata jina la mhitimu lilikuwa na utata: Mwanglikana wa Kenya aghalabu humwita kasisi, neno lililotujia kwa Kiarabu, na Mpresbiteri humwita mchungaji, neno la Kibantu lenye harufu ya zizi. Mwaka 1973 liliongezeka Kanisa la Reformed la Afrika Mashariki, na mwaka 1993 Baraza la Taifa la Makanisa ya Kenya.

Kisha, tarehe 14 Septemba 2007, Serikali ilikipa hati ya chuo kikuu. Pakawa na Chansela, Baraza la Chuo, Seneti na Naibu Chansela, kama ilivyo katika vyuo vikuu vingine vya Kenya. Makanisa yalibaki kuwa wenye chuo, ila uhalali wa shahada sasa ulitoka katika sheria ya nchi, na mwanafunzi wa biashara akaketi karibu na mtarajiwa wa ukasisi. Tulitazame jina tu: katika hati hiyo yalidondoka maneno mawili, Umoja na Theolojia. La kwanza lilikuwa limegharimu miaka zaidi ya 40, tangu Kikuyu hadi 1955.

Lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Katika parokia nyingi za mijini anakopelekwa mhitimu, ibada ni ya Kiswahili, na Biblia iliyo mimbarini ni ile ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo si ya Kimvita wala si ya Steere. Kazi ya kuigeuza theolojia aliyoisoma iwe lugha ya waumini huifanya peke yake, Jumamosi usiku, bila baraza lolote la chuo kumsimamia.