Kanuni Isiyomgusa Mnyamavu: Mwanzo wa Mwaka katika Somo la Kiingereza, Darasa la Saba, Butembo na Beni

Mwezi wa Septemba, katika shule nyingi za Butembo na Beni, saa ya kwanza ya Kiingereza ya darasa la saba hupita bila Kiingereza kufundishwa. Mwalimu huandika ubaoni orodha ya masharti, wanafunzi wakainakili kwenye ukurasa wa mwanzo wa daftari, na pengine mzazi hutakiwa kutia sahihi chini yake. Sharti linalotangulia mara nyingi ni lile lile: humu ndani ni Kiingereza tu. Hufuata mengine: usiongee bila kunyoosha kidole, usichelewe, usimcheke mwenzako. Dai la makala hii ni kwamba, kwa mtoto anayeianza lugha hiyo mwaka huo huo, sharti la kwanza likiungana na la pili huwa ni amri ya kunyamaza, na kwamba namna yetu ya kupima mwenendo humtunuku anayeitii.

Kwamba mwalimu aeleze mapema anachokitaka, juu ya hilo hakuna ugomvi. Jacob Kounin alionyesha tangu 1970 kuwa walimu wenye madarasa yaliyotulia hawakuwashinda wenzao kwa namna ya kukaripia, bali kwa jinsi walivyoliendesha somo kabla fujo haijazuka. Harry na Rosemary Wong, ambao kitabu chao cha 1991 kuhusu siku za kwanza za shule kimeenea ulimwenguni, husomwa vibaya na wapenzi wa orodha: wao walitanguliza taratibu zinazozoezwa hadi ziwe desturi, si makatazo ya kunakiliwa.

Ugomvi uko kwenye lugha. Mkutano wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Makerere mwaka 1961 ulitoa nguvu kwa imani kwamba Kiingereza hufundishwa vyema kwa Kiingereza peke yake. Robert Phillipson aliishambulia imani hiyo mwaka 1992, akaihesabu miongoni mwa makosa makubwa ya taaluma nzima. Nakubaliana naye nusu. Anapoiona kama mkono wa ubeberu, anamsahau mwalimu wa Vulamba, hapa Butembo, ambaye hamtumikii beberu yeyote. Mwalimu huyu anaogopa tu, na ana sababu ya kuogopa, kwamba Kiswahili kikishaingia darasani hakitatoka. Lakini Makerere ilikuwa ikizungumzia nchi ambamo Kiingereza kilikuwa lugha ya elimu na serikali. Sisi tuliichukua kanuni bila mazingira yake. Hapa Kiingereza ni somo la saa chache kwa juma, nalo humfikia mtoto mwenye Kinande cha nyumbani, Kiswahili cha mjini na Kifaransa cha shule ambacho bado anapambana nacho. Sheria ya elimu ya Kongo ya 2014 imeyaweka madarasa ya saba na ya nane ndani ya elimu ya msingi, yaani serikali yenyewe inakiri kwamba huyu bado ni mwanafunzi wa msingi.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi uko kwenye buletini, karatasi ya matokeo ya mwanafunzi. Chini ya masomo, jumla na asilimia kuna mistari miwili ambayo wazazi wengi huisoma kwanza: bidii na mwenendo. Mistari hiyo haina mtihani. Masomo hupimwa kwa kazi za kila siku katika vipindi vinne vya mwaka na kwa mitihani ya mihula miwili. Mwenendo hutokana na kauli ya walimu, na kauli hiyo hutokana na yale waliyoyaona na kuyasikia. Sasa tuwaweke watoto wawili kwenye benchi moja. Wa kwanza anamwuliza jirani yake kwa Kiswahili maana ya neno lililo ubaoni. Wa pili naye halielewi, lakini ananyamaza na kuinakili sentensi kwa mwandiko safi. Kwa orodha ya Septemba, wa kwanza amekosa mara mbili: ametumia lugha iliyokatazwa, tena bila ruhusa. Wa pili hajakosa lolote, na anaweza kufika mwisho wa mwaka bila kukosa. Buletini yake itamtaja kuwa na mwenendo mzuri sana, huku Kiingereza kikiwa chini ya nusu, na hakuna atakayeuliza kama mstari wa mwenendo na ule wa Kiingereza inajuana. Aliyeuliza neno, na kuuliza ndilo tendo la kujifunza, ndiye mtukutu.

Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza mwaka 1986 jinsi watoto wa Kenya walivyovikwa bamba la aibu kwa kusema Kigĩkũyũ shuleni. Hoja yangu haihitaji bamba. Hata mwalimu mpole kabisa, asiyemwaibisha mtu, atapata matokeo hayo hayo maadamu kosa ni kusema na si kunyamaza.

Mtetezi wa Kiingereza tupu anaweza kumtaja Merrill Swain, ambaye mwaka 1985 aliandika juu ya watoto wa Kanada waliosikia Kifaransa kwa miaka bila kukisema sawasawa, kwa kuwa hawakusukumwa vya kutosha kukitumia. Naam, wasukumwe. Lakini wale walisoma masomo mengi kwa Kifaransa, walikuwa na bahari ya kuogelea. Wetu tuwatengee dakika kumi za Kiingereza pekee katika kila somo, ziongezwe muhula wa pili, na nje ya dakika hizo swali la Kiswahili au Kinande lihesabiwe kuwa ni bidii. Sentensi za kwanza za kufundishwa ziwe za kuomba msaada: sijaelewa, rudia, neno hili ni nini. Na matarajio yenyewe yatamkwe kwa Kiswahili, yahusu kazi: kufikia Krismasi kila mmoja aweze kusimulia siku yake ya jana kwa sentensi tano.

Kuna wanaosema kwamba Beni, baada ya mauaji yaliyoanza Oktoba 2014, inahitaji masharti makali zaidi kwa sababu watoto wamezoea vurugu. Utulivu wanauhitaji, hilo halina shaka. Ila mtoto aliyekimbia Eringeti akaingia darasani Februari hakuwapo orodha ilipoandikwa. Utaratibu unaorudiwa kila siku humfikia. Sahihi ya Septemba haimfikii. Tuliliona hilo wakati wa Ebola: kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, wanafunzi wetu walinawa mikono na kupimwa joto langoni asubuhi kwa asubuhi, na mgeni alijifunza kwa kumfuata aliyemtangulia kwenye foleni.

Wengine wanaleta Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia mwaka 2022, kana kwamba soko litatuadhibu tukichanganya lugha. Mfanyabiashara wa Butembo anavuka Kasindi akielewana na Wakonzo wa upande wa Uganda kwa lugha moja, Kinande na Lhukonzo zikisikilizana. Kiingereza humbana baadaye, Kampala, Dubai au Guangzhou. Huko hujifunza kwa kuuliza, kukosea na kuuliza tena, jambo ambalo orodha yetu inalikataza. Nathubutu kusema kwamba soko limefundisha Kiingereza kingi katika mji huu kuliko madarasa.

Yapo yasiyotatuliwa na pendekezo hili. Mwalimu ambaye mwenyewe hajapata pa kusemea Kiingereza atazijaza dakika kumi kwa kuimbisha salamu. Darasa ambalo benchi la watatu linakaliwa na watano litakuwa na kelele, na mkurugenzi wa nidhamu atapita dirishani akidhani hakuna mwalimu. Hata hivyo Kuchah Kuchah, aliyefundisha Kiingereza kaskazini mwa Kamerun katika darasa la wanafunzi zaidi ya 200, aliwagawa katika vikundi na kuwashirikisha katika kutafuta matini na kupanga kazi, wala darasa halikumshinda. Kuhusu mstari wa mwenendo, ninaloomba ni dogo: kabla ya tituleri, mwalimu msimamizi wa darasa, kuujaza, walimu wa lugha wamtajie ni nani hakusema neno kipindi kizima. Maprefe, yaani wakuu wa shule, wataliona zigo jipya. Orodha ya majina wanayo tayari, ile ya mahudhurio. Inahitaji safu moja ya ziada.