Wasifu wa kuombea kazi ya mauzo: Acha takwimu zikusemee

KIJANA aliyeuza vitenge Kariakoo kwa miaka mitatu huweza kuketi kuandika maombi ya kazi ya ofisa mauzo, akajaza ukurasa mzima kwa majina ya shule alizosoma, kisha penye uzoefu akaandika: “Sina.” Neno hilo moja humnyima nafasi mtu ambaye tayari anaijua kazi inayotangazwa.

Mauzo ni miongoni mwa kazi ambazo mwajiri huweza kupima matokeo yake kila mwisho wa mwezi. Ndiyo maana kampuni nyingi hulipa mshahara pamoja na kamisheni inayotegemea kiasi kilichouzwa. Kwa hiyo anayesoma wasifu wa mwombaji, ambao wengi huuita CV, hutafuta kwanza jibu la swali hili: mtu huyu amewahi kuuza nini, kwa nani na kwa kiasi gani?

Mpangilio

Juu kabisa weka jina kamili, namba ya simu inayopatikana, anuani ya barua pepe isiyo na jina la utani, na mji unaoishi. Fuatisha aya ya sentensi mbili au tatu inayoeleza wewe ni muuzaji wa namna gani. Baada ya hapo uje uzoefu, ukianza na kazi ya karibuni, kisha elimu, ujuzi na wadhamini. Kurasa mbili zinatosha. Kama una leseni ya udereva, taja na daraja lake, kwa kuwa kazi nyingi za kusambaza bidhaa huihitaji.

Takwimu

“Nilihusika na mauzo” ni maneno yasiyompa mwajiri chochote. Tuseme duka lilikuwa likiuza wastani wa Sh 4,000,000 kwa mwezi, na baada ya miezi sita likafikia Sh 5,000,000. Andika hivyo hivyo, kisha ongeza kwamba ni sawa na asilimia 25. Asilimia ikisimama peke yake hupotosha, maana aliyetoka wateja wawili hadi wanne naye ameongeza asilimia 100.

Kama mlikuwa wanne, sema mlikuwa wanne na ueleze sehemu yako. Kama uliuza kwa mkopo, eleza pia kiasi cha madeni ulichokusanya, kwani mzigo uliotoka ghalani bila fedha kurudi ni hasara kwa mwenye mali.

Asiyewahi kuajiriwa naye ana la kuandika. Duka la familia, genge la mboga, uwakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu na hata kutembeza bidhaa mitaani vyote ni mauzo. Fungua daftari lako la hesabu, nalo litakupa takwimu za kweli.

Soma tangazo

Wasifu mmoja haufai kwa kila tangazo. Anayetafuta mtu wa kusambaza sabuni madukani atataka kujua maeneo unayoyafahamu na idadi ya maduka unayoweza kuyatembelea kwa siku. Kampuni ya bima itataka ushahidi wa uvumilivu na ufuatiliaji wa mteja asiyeamua haraka. Anayeuza vifaa kwa hospitali au taasisi atajali kama umewahi kuandaa zabuni.

Ya kuacha

Hakuna haja ya kutaja kabila, dini wala hali ya ndoa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, na ulinzi huo unamhusu pia mwombaji wa kazi. Vilevile usiorodheshe majina na simu za wateja wa mwajiri wako wa zamani. Mwajiri mpya atajiuliza kama siku moja utatoa siri zake pia.

Zaidi ya yote, usidanganye. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti katika utumishi wa umma nchini Tanzania uliwabaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini, wengine baada ya miaka mingi ya utumishi. Katika mauzo uongo huumbuka mapema zaidi, kwa sababu simu moja kwa mdhamini inatosha, na lengo la mwezi wa kwanza humaliza ubishi. Waombe wadhamini ridhaa kabla ya kuandika majina yao.

Kabla ya kutuma, mpe mtu mwingine asome. Akimaliza, mwulize umeuza nini na kwa kiasi gani. Akishindwa kujibu, rudi mezani uandike upya, kwa sababu mwajiri naye hatajua.