Kilele cha Gorogoro

Mama yangu aliuza mahindi na maharagwe katika soko la Kawangware kwa mkebe ulioandikwa jina la kitu ambacho hakuwahi kukiuza hata siku moja. Ulikuwa mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia, Kasuku, na picha ya yule ndege ilikuwa imechubuka hadi ikabaki mdomo na jicho moja. Hakuna mteja aliyeulizia mafuta. Walisema, "Kasuku ni pesa ngapi leo?" na walimaanisha mahindi. Waliotoka Magharibi na Nyanza waliita gorogoro. Ni kitu kile kile.

Miaka baadaye nilikaa darasani kusomea biashara, na mwalimu akaandika ubaoni mambo matatu: chapa, uuzaji wa ana kwa ana, na bei. Mifano yake yote ilikuwa ya viatu na soda za Marekani. Mimi nilikuwa naangalia ubao lakini naona ule mkebe. Chapa ilikuwa ubavuni, bei ilikuwa ndani, na uuzaji ulikuwa mkono ulioushika. Tena kulikuwa na jambo moja kuhusu mkebe ule ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Nitafika hapo. Kwanza turudi nyuma kidogo, maana watu wa huku Riruta hawakuanza kupimiana jana.

Kabla Nairobi haijakuwa mji, upande huu ulijulikana kwa chakula. Misafara iliyotoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria ilijaza mizigo yake hapa, kwa sababu Wakikuyu walilima kuliko walichokula. Ndiyo maana mwaka 1890 Frederick Lugard, akiitumikia kampuni ya Imperial British East Africa, alijenga ngome Dagoretti. Watu wa msafara walinunua maharagwe, viazi vitamu na nafaka. Walilipa kwa shanga na kwa nguo iliyoitwa merikani.

Hiyo merikani ndiyo somo la kwanza la chapa katika sehemu hizi. Ilikuwa pamba nzito isiyotiwa rangi, iliyofumwa Massachusetts na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem. Biashara hiyo ilipata nguvu baada ya Sayyid Said kutia sahihi mkataba na Marekani mwaka 1833. Watu waliiamini hata wakaipa jina la nchi ilikotoka. Kisha Wamarekani wakapigana wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1861 hadi 1865, pamba ikaadimika, na baadaye viwanda vya Bombay vikachukua nafasi yao. Wamarekani waliondoka sokoni, lakini jina halikuondoka nao. Nguo ilitoka India na bado watu waliita merikani.

Na ilipimwaje? Kwa mkono. Kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, mikono minne ikawa upande, minane ikawa doti. Sasa fikiria mwenyewe: mkono wa nani? Muuzaji mfupi na mnunuzi mrefu walikuwa na hesabu mbili tofauti za kitambaa kimoja. Kwa hiyo bei haikuwa namba tu, ilikuwa mazungumzo juu ya mwili wa mtu. Shanga nazo zilikuwa na masharti yake. Joseph Thomson, aliyepita nchi ya Wamaasai mwaka 1883 na 1884, alilazimika kusimama Taveta ili shanga zake zitungwe upya kwa urefu ambao Wamaasai waliukubali. Mzigo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni jinsi ulivyofungwa.

Ngome ya Dagoretti haikudumu. Watu wa kampuni walianza kujichukulia chakula bila kulipa, wenyeji wakawageukia, na mwaka 1891 ikaachwa. Bunduki walikuwa nazo. Walichopoteza ni mtu wa kuwauzia maharagwe.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 na mji ukaanza kukua, mkono ulipata mpinzani: debe. Lilikuwa bati la mafuta ya taa, la galoni nne, na mafuta yakiisha hakuna aliyelitupa. Lilipima mahindi, lilichota maji, likakunjuliwa kuwa ukuta na paa huko Pumwani na Kibera. Mafundi wa jua kali walilikata wakatengeneza majiko. Mpaka leo mwanasiasa akitaka kura zako anakuambia mkutane debeni. Kampuni iliyolijaza mafuta ilidhani inauza mafuta, kumbe watu walikuwa wananunua pia kipimo.

Gorogoro ni mtoto wa debe. Kila nyumba ilikuwa na mkebe wa Kimbo au Kasuku. Kwa kuwa mikebe ilitoka kiwandani ikiwa na ukubwa mmoja, mtu wa Riruta na mtu wa Kakamega waliweza kuelewana bila mizani. Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inataka mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri. Soko lilikuwa na muhuri wake, na muhuri huo ulikuwa picha ya kasuku.

Hapo ndipo chapa inapofanya kitu cha ajabu. Ikipendwa sana, inamtoroka mwenyewe. Dukani kwetu mtu aliomba "Omo" akapewa sabuni ya unga ya kampuni nyingine, na hakuna aliyeona shida. Rangi yoyote ya viatu ni Kiwi. Mwenye chapa anatumia mamilioni ili jina lake liwe mdomoni mwa kila mtu, halafu likishafika huko linakuwa la kila mtu.

Wakati mwingine ni kinyume: jina hubadilika na watu hubaki. Nenda stage ya 46 uulize wanaouza kredo tangu zamani. Kencell ilianza mwaka 2000, ikawa Celtel mwaka 2004, ikawa Zain mwaka 2008, ikawa Airtel mwaka 2010. Kibanda kimoja kingeweza kupakwa rangi mara nne ndani ya miaka kumi, na dirishani akae mtu yule yule. Mteja alienda kwa mtu. Alijua huyu hukuamini ukiwa umekwama, huyu hujua simu yako ikigoma, huyu huuliza mama amepona. Kitabu chetu kiliita hiyo uuzaji wa ana kwa ana na kikaipa kurasa sita. Kule stage inaitwa kujuana.

Simu pia zilitufundisha bei. Safaricom ilipoanza, ilitoza kwa sekunde wakati mpinzani wake akitoza kwa dakika. Mtu wa kusema "nimefika, niko kwa gate" kisha kukata hakutaka kulipia dakika nzima. Mwaka 2010 Tume ya Mawasiliano ilipunguza ada ambayo mtandao mmoja hulipa mwingine kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika, na vita vya bei vikaanza. Lakini aliyeshinda mtaani kwetu zamani hizo alishinda kwa kuelewa kwamba pesa za huku hukatwa vipande vidogo.

Hiyo ndiyo kadogo. Mafuta ya mbao, sukari ya ashu, majani ya chai ya mara moja. Watu wa nje huiona kama ukarimu kwa maskini, lakini hebu piga hesabu. Tuseme lita moja ya mafuta ni shilingi 300 dukani, na kipimo cha shilingi 20 kina mililita 50. Lita ina vipimo 20, kwa hiyo anayenunua kwa kipimo analipa 400. Ile mia ya juu si wizi wa mwenye duka peke yake. Kuna kumwagika, kuna deni lisilolipwa, kuna kusimama hapo hadi saa nne usiku. Lakini anayeilipa ni yule aliyelipwa leo jioni na hakuwa na 300 kwa mkupuo.

Kwenye kadogo bei haiwezi kupanda kirahisi. Ashu ni ashu. Gharama zikipanda, kinachosogea ni kipimo. Na kwa gorogoro, kinachosogea kwanza ni kilele, ule mlima mdogo wa nafaka juu ya ukingo wa mkebe. Siku za mavuno mama aliacha kilele kisimame hadi punje ziporomoke, halafu akaongeza kiganja kimoja mfukoni. Mambo yakiwa magumu, kilele kilishuka taratibu. Mwisho alipitisha kipande cha mbao juu ya mkebe na kusawazisha. Wateja walisoma kilele kama wengine wanavyosoma gazeti.

Mwaka 2011 hata kusawazisha hakukutosha. Ukame ulikuwa umeshika Pembe ya Afrika. Shilingi ikaanguka hadi dola ikapita 100, na kufikia Novemba mfumuko wa bei ulikuwa karibu asilimia 20. Mimi nilikuwa darasa la saba. Jioni moja mama aligeuza mkebe juu chini, akanipa nyundo na kipande cha kuni, akasema, "Gonga hapo katikati. Polepole, usitoboe."

Niligonga. Kitako kikaingia ndani kama bakuli lililopinduliwa.

Kwa wiki tatu hivi alimwambia kila mteja kwamba bei haijapanda, na ilikuwa kweli. Kilichopanda ni kitako. Mbona majirani sokoni walikuwa wanafanya hivyo, na mbona sabuni nayo ilikuwa inazidi kuwa nyembamba ndani ya karatasi ile ile? Nilijiuliza hayo ili nisijiulize lingine.

Kisha akaja shosho mmoja aliyekuwa akinunua kwetu tangu sijazaliwa. Alitoa mkebe kwenye kiondo, Kasuku kama wetu, akauweka juu ya gunia. "Leo nipimie na hii yangu, mwanangu," akasema. Hakuinua sauti. Mama alipima kwa mkebe wetu, akamimina kwenye wake, na mahindi hayakufika ukingoni. Nyuma yake kulikuwa na watu wanne kwenye foleni. Mama akaongeza kiganja, akaongeza kingine, mpaka kilele kikasimama. Shosho alilipa, akashukuru, akaenda.

Usiku ule tulijaribu kukigonga kitako kirudi, lakini bati likishapinda hubaki na kumbukumbu. Kesho yake mama alinunua mkebe mwingine kwa muuza chapati, akaandika bei mpya kwenye kadibodi, juu zaidi ya majirani. Wateja wengine walihama. Baadhi walirudi mwaka uliofuata, wengine hatukuwaona tena.

Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na ghafla soko lote likaanza kuja na vyombo kutoka nyumbani: ndoo, sufuria, mikebe. Vijana walicheka wakasema serikali imeturudisha zamani. Mama hakucheka. Yule shosho alikuwa bado anakuja kila wiki, bado akimwita mwanangu, bado akimuulizia masomo yangu. Tangu siku ile ya 2011 hakuwahi kusema neno moja kuhusu kitako. Lakini mkebe wake hakuacha kuubeba.