Wastani

Neno hili la Kiarabu, lenye maana ya "katikati", huficha mengi kwenye taarifa za hali ya hewa. Mchana nyuzi 30, usiku 16: wastani 23. Mchana 28, usiku 18: bado 23! Mti wa kahawa shambani haujui wastani.

Tangu miaka ya 1950, katika sehemu nyingi za nchi kavu duniani usiku umeongezeka joto haraka kuliko mchana. Mawingu huchangia: mchana hukinga jua, usiku huzuia joto kutoroka. Utafiti wa 2015 kuhusu kahawa ya arabika ya Tanzania ulikadiria kuwa kila nyuzi 1 inayoongezeka usiku hupunguza mavuno kwa takriban kilo 137 kwa hekta.

Watangazaji, tutajieni joto la chini na la juu. Wastani tutapiga wenyewe.