Uzunguni, Uhindini, Uswahilini: Kanuni za Ujenzi na Majina ya Mitaa Dar es Salaam

Majina Uzunguni, Uhindini na Uswahilini hayakutokana na kanuni za ujenzi za Dar es Salaam. Hata hivyo, kwa miongo mingi, mkazi aliyetaka kujua anaruhusiwa kujenga nini na wapi alipata jibu katika majina hayo upesi kuliko katika gazeti la serikali. Kanuni zilizungumzia majengo. Wakazi walizungumzia watu. Mhadhara huu unahusu tofauti hiyo, na gharama yake kwa mwenye nyumba.

Kimofolojia majina haya hayana ugeni. Kiambishi u- hutaja nchi au hali ya watu, kama katika Ugogo na Unyamwezi, nacho kiambishi tamati -ni huonyesha mahali. Lakini mitaa ya miji ya kale ya pwani haikuhitaji kuitwa hivyo: Lamu ina Mkomani na Langoni, majina yasiyotaja asili ya mkazi. Si kwamba Lamu kila mtu alijenga apendavyo. Nyumba ya mawe ilikuwa alama ya uungwana, na desturi ilitosha kumzuia asiyehesabiwa muungwana, pasipo karani wala muhuri. Jambo geni Dar es Salaam lilikuwa ramani.

Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapo kutoka Bagamoyo, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi zilizotenga sehemu ya mji kwa majengo ya aina ya Kizungu tu. Waingereza waliurithi mpango huo, na katika miaka ya 1920 wakaupa sura ya kanda tatu: ya kwanza kwa makazi ya aina ya Kizungu, ya pili kwa makazi na biashara, ya tatu kwa nyumba za kienyeji.

Kwa nini itajwe aina ya nyumba badala ya rangi ya mwenyewe? Tanganyika ilitawaliwa kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na masharti ya udhamini ya 1922 yaliwapa raia wa nchi wanachama haki sawa za kuishi na kumiliki mali. India ilikuwa mwanachama. Kumkataza Mhindi kwa jina lake kungekuwa uvunjaji wa masharti; kumdai jengo la kiwango fulani hakukuonekana hivyo. Kanuni ikanyamaza, nalo jina la mtaa likasema kilichonyamaziwa. Ni nadra kwa lugha ya mtaani kuwa sahihi kuliko lugha ya sheria, lakini hapa ilikuwa hivyo.

Ukanda wa tatu ndio uliokuwa na uzito zaidi. Kitovu chake kilikuwa Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo katika Vita Kuu ya Kwanza. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma. Kuta zilikuwa za miti na udongo, paa la makuti. Mwenyewe aliweza kuishi chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Kwake hiyo ilikuwa nyumba, na Kiswahili hakikumpa sababu ya kuiita vinginevyo; afisa wa mji aliiandika kuwa kibanda, jengo la muda. Jengo la muda halikustahili milki ya muda mrefu. Pasipo milki hiyo hapakuwa na dhamana ya mkopo. Pasipo mkopo saruji ilikuwa mbali. Na pasipo saruji jengo liliendelea kuitwa la muda.

Uhuru uliondoa mantiki ya rangi, na 1963 sheria iligeuza milki huria za ardhi kuwa ukodishaji kutoka serikalini. Majina hayakuondoka. Mbeya na Dodoma bado zina Uhindini. Uswahilini nako kumepanuka maana: si tena anakoishi Mswahili, bali popote penye nyumba zilizobanana na viwanja visivyopimwa.

Leo mwenye nyumba hukutana na neno jingine, kibali. Lina asili moja na kukubali, na kabla ya ofisi za halmashauri lilitumika, kama linavyotumika bado, kwa maana ya kupendelewa: mtu hupata kibali mbele ya mkubwa au mbele ya Mungu. Kibali cha ujenzi kisheria si fadhila. Michoro ikitimiza masharti na matumizi ya kiwanja yakiafikiana na mpango uliowekwa chini ya Sheria ya Mipangomiji ya 2007, mwombaji anakistahili. Neno lenyewe, hata hivyo, humfundisha kuomba.

Tena, kibali hudai uthibitisho wa umiliki, na sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi pasipopimwa. Sheria ya Ardhi ya 1999 iliwaletea leseni ya makazi, karatasi inayomtambua mkazi kwa muda maalumu bila kumpa hati. Wengi hawana hata hiyo. Walichonacho ni karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono na kushuhudiwa na mjumbe wa mtaa na majirani wawili watatu, na humo, mstari baada ya mstari, jengo linaitwa nyumba.