Pamba tulilimishwa, nguo hatukufundishwa

Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, kwenye milima ya Umatumbi, waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Agosti 4 Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro, jirani na delta ya Rufiji.

Hayo tuliyasoma shuleni. Tusilouliza ni hili: pamba ile ilikuwa inakwenda wapi? Ilikuwa ya viwanda vya Ujerumani. Huku tulitakiwa kulima na kuchuma tu. Kusokota, kufuma na kutia rangi yalikuwa mambo ya wenyewe.

Wala si kwamba pwani hii ilikuwa haijui. Kilwa Kisiwani wataalamu wa mambo ya kale wamefukua vigae vya duara vilivyotobolewa katikati, vya kusokotea uzi, vya tangu karne nyingi kabla ya Mreno. Baadaye zikaja kaniki za Bara Hindi na, katika karne ya 19, nguo za marekani kutoka Massachusetts. Mfumaji wa pwani akasahaulika.

Niliyakumbuka hayo nilipofika Kiongoroni, kata ya visiwani wilayani Kibiti. Mama mmoja mwalimu aliniuliza kama anaweza kusomea nguo hadi digrii bila kuacha darasa lake wala watoto wake. Mkeka aliokuwa akiusuka ulikuwa na milia myekundu ya magome ya mkandaa, aliyoyachemsha mwenyewe.

Swali lake si la mzaha. Nchi hii ina mazoea ya kusomesha watu walio mbali. Kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya", 1973, iliwafikia watu wapatao milioni mbili (sisi wa redio hatuachi kujisifu nayo). Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza 1994. Ualimu, sheria, biashara, watu wamevisoma wakiwa makwao.

Nguo ni kazi nyingine. Nguvu ya uzi hupimwa kwa mashine, tena ndani ya chumba chenye unyevu wa asilimia 65, kwa sababu pamba hunywa maji ya hewani na vipimo vyake hubadilika. Chumba hicho hakitumwi kwa bahasha. Ndiyo maana digrii ya uhandisi wa nguo pale Mlimani ni ya kuhudhuria.

Hata hivyo mimi sikubali kwamba mlango umefungwa. Kemia ya rangi, hesabu za kufuma, tabia za nyuzi, hayo yanasomeka Kiongoroni usiku, watoto wakishalala. Mazoezi yangeweza kufanywa kiwandani kwa wiki chache, wakati wa likizo za shule. Katika kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, wengi walijifunza kazi mbele ya mashine zenyewe. Wa kukaa na wenye viwanda wapange wiki hizo ni vyuo vyetu. Mwalimu wa kisiwani hawezi kwenda kupiga hodi Ubungo peke yake.