Mchuuzi Mwungwana: Futuhi ya Molière na Shabaha ya Kicheko Tanganyika

Katika miaka ya 2000, kundi la Ze Comedy lilijipatia umaarufu kupitia EATV, kituo chenye makao Mikocheni, Dar es Salaam, kwa kuiga sauti na mienendo ya watu mashuhuri. Kicheko dhidi ya anayejikweza, hata hivyo, ni kikongwe kuliko televisheni. Makala haya yanakichunguza kupitia Mchuuzi Mwungwana, tafsiri ya A. Morrison ya mwaka 1961 ya tamthilia ya Molière, Le Bourgeois gentilhomme. Swali la msingi ni hili: futuhi inapohamia jamii nyingine, ni nani anayechekwa?

Tamthilia hiyo iliigizwa kwa mara ya kwanza Chambord mwaka 1670, mbele ya Mfalme Louis XIV. Mhusika mkuu, Jourdain, ni tajiri aliyezaliwa na mfanyabiashara wa nguo. Anaajiri walimu wa muziki, dansi, upanga na falsafa, akiamini kuwa fedha zitamfanya kabaila. Anayechekwa hapa ni mwenye mali.

Jina la Kiswahili linabadili mizani hiyo. Mchuuzi ni mfanyabiashara mdogo, si tajiri wa mjini. Mwungwana naye, katika historia ya pwani, alikuwa kwanza mtu asiye mtumwa. Utumwa ulikomeshwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, miaka 39 tu kabla ya tafsiri hii. Aidha, Zanzibar, watu wengi wenye asili ya utumwa walidai uungwana kwa mavazi: kanzu, kofia, kanga na buibui. Kwa hiyo, kumcheka anayebadili mavazi ili apande hadhi kungeweza kumwangukia mnyonge.

Tukio la kilemba linadhihirisha tofauti hiyo. Jourdain anavishwa kilemba na watu waliojigeuza Waturuki, akidhani amepewa cheo kikubwa. Kwa hadhira ya mfalme, kilemba kilikuwa kioja cha ugenini. Kwa msomaji wa pwani, ni vazi la heshima. Kinachobaki kuchekesha si vazi bali ulaghai wenyewe: Jourdain amevishwa kilemba cha ukoka.

Hata hivyo, si sahihi kudai kwamba Molière ndiye aliyeleta kicheko hiki. Vichekesho vya enzi za ukoloni vilikwisha kumdhihaki mshamba aliyejaribu kuiga maisha ya mjini na ya Kizungu. Katika vichekesho hivyo, aliyechekwa ni mtu wa chini, huku mfumo uliomfanya aone haya kwa asili yake ukibaki salama. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, fani hiyohiyo ilitumika kueneza siasa ya Ujamaa. Umbo lilidumu, shabaha ilibadilika.

Makala haya yanahitimisha kwamba mfanano kati ya Jourdain na wahusika wa vichekesho vyetu si ushahidi wa urithi. Mwanahistoria anayeanza na kitabu cha Mfaransa na kuishia katika studio za Mikocheni, akiviruka vichekesho vya shuleni na majukwaani, atakuwa ameinyima jamii sifa ya ubunifu wake. Atakuwa pia ameifichia lawama yake, kwa kuwa mara nyingi kicheko hicho kilimlenga asiye na uwezo wa kujibu.